Kujenga Hotirodi ya Jadi kwenye Gereji ya Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa zaidi na ndugu zetu wanaoishi Marekani, wakiwemo waliojifunza ufundi kwenye gereji bubu za Afrika Mashariki kabla ya kuhama. Wanaona magari haya kwenye maonyesho ya Jumamosi, wanayapenda, kisha wanajiuliza kama mtu mwenye gereji ya kawaida na mshahara wa kawaida anaweza kujenga moja. Anaweza. Majibu yanafuata.

Hotirodi ya jadi ni gari la namna gani?

Ni gari la zamani la Kimarekani, mara nyingi Ford ya kati ya mwaka 1928 na 1940, lililopunguzwa uzito, likashushwa chini, likatiwa injini yenye nguvu kuliko ile liliyotoka nayo kiwandani. Neno "jadi" hapa lina maana ya kwamba spea na mbinu zote ni zile zilizokuwepo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Asili yake ni California ya kusini. Miaka ya 1930 vijana walikuwa wakienda kukimbiza magari yao kwenye maziwa yaliyokauka ya Muroc na El Mirage, ambako ardhi ni tambarare na ngumu. Mwaka 1937 vilabu vyao viliungana na kuunda chama cha SCTA (Southern California Timing Association) ili mashindano yawe na utaratibu. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakarudi askari waliofundishwa kuunganisha na kutengeneza injini za ndege, na maduka ya mabaki ya jeshi yakawa yamejaa viti vya ndege, mikanda na matangi ya mafuta. Mwaka 1946 Bill Burke alichukua tangi la mafuta la ndege ya kivita, lile linaloning'inizwa nje, akaligeuza kuwa bodi ya gari la mbio. Agosti 1949 mashindano yao yakaanza kwenye uwanja wa chumvi wa Bonneville, Utah, na mpaka leo watu hukusanyika huko.

Ukiijua historia hii utaacha kuyaona mabadiliko ya magari haya kama urembo. Madigadi yaling'olewa kwa sababu ni mazito na yanashika upepo. Paa lilikatwa kwa sababu hiyo hiyo. Mbele pakashushwa, nyuma pakawekwa tairi kubwa zaidi ili gari liende mbali kwa kila mzunguko wa injini. Kila kitu kilikuwa na kazi yake, na hotirodi nzuri ni ile ambayo bado unaiona kazi hiyo ukiitazama.

Nianzie wapi: kununua gari, injini au vifaa?

Anza kwa kuchagua mwaka. Nina maana mwaka mmoja kamili, kwa mfano 1949 au 1957, uandike ukutani kwenye gereji yako. Kila spea utakayoishika baadaye, jiulize: kijana wa California mwaka huo angeweza kuipata? Injini ndogo ya V8 ya Chevrolet, ile ya inchi za ujazo 265, ilitoka kwa modeli za mwaka 1955. Ni injini nzuri, nyepesi na rahisi kupata spea zake, lakini kwenye gari la mwaka 1949 haina mahali. Kwenye gari la 1957 iko nyumbani kabisa.

Magari mengi ya aina hii yanaharibika kwa kukosa uamuzi huu. Mtu ananunua usukani wa miaka ya 1940, rimu za miaka ya 1960 na mita za kidijitali, kwa sababu kila kimoja kilimvutia siku alipokiona. Anatumia fedha nyingi na gari halielewani. Mwaka ukishachaguliwa, nusu ya maswali yako yanajijibu, na matumizi yanapungua kwa sababu kuna vitu vingi utakavyovipita bila kuvitamani.

Kwa nini kila mtu anataka Ford ya mwaka 1932?

Sababu ya kwanza ni injini. Mwaka huo Ford waliweka V8 kwenye gari la bei ya mwananchi wa kawaida, injini ya inchi za ujazo 221 yenye nguvu farasi 65. Sababu ya pili ni chasi. Reli za chasi ya 1932 zina mstari uliobonyezwa ubavuni na zinaonekana wazi, hivyo ukiondoa madigadi gari linabaki limekamilika, halionekani kama limevuliwa nguo. Ongeza na ile grili yake, na tangi la mafuta lililowekwa nyuma badala ya mbele ya miguu ya dereva.

Na kama fedha yangu haifiki huko?

Tafuta Ford Model A, ya mwaka 1928 hadi 1931. Zilitengenezwa kwa mamilioni, bado zinapatikana, na bei yake ni ya chini sana ukilinganisha na 1932. Urefu kati ya ekseli mbili ni inchi 103.5, wakati 1932 ni inchi 106, kwa hiyo si gari dogo zaidi kwa kiasi cha kukusumbua. Wazee wa hotirodi walikuwa wakichukua bodi ya Model A na kuikalisha juu ya chasi ya 1932, na mpaka leo huo ni mchanganyiko unaoheshimika kuliko mingi.

Ukibaki na chasi ya Model A yenyewe, ujue kwamba reli zake ni nyembamba na ziko wazi upande mmoja, mfano wa herufi C. Zilipangiwa injini ya silinda nne yenye nguvu farasi 40. Ukitia V8 bila kuziba upande ule kwa bati nene la chuma, chasi itajipinda kila unapoachia klachi, milango itaanza kugoma kufunga, na mwisho utaona mipasuko. Chomelea vipande vifupi vifupi, ukihama upande huu na ule, na acha chuma kipoe. Ukichomelea mstari mrefu kwa mkupuo mmoja reli itapinda kama ndizi, na kuinyoosha ni kazi kubwa kuliko kuichomelea.

Kuna jambo moja la kuangalia ukienda kununua gari lisilo Ford. Chevrolet za wakati huo bodi zake ziliegemea mbao nyingi kwa ndani. Gari likiwa limekaa shambani miaka mingi, bati linaweza kuonekana zima kumbe mbao zote zimeoza, na hapo unahitaji fundi seremala kabla ya fundi bodi. Ndiyo maana Ford inapendwa na anayeanza.

Ukikosa bodi kabisa, kampuni ya Brookville kule Ohio inatengeneza bodi mpya za chuma za Model A na za 1932 zisizo na paa la kudumu. Ni ghali, lakini ukijumlisha miezi ya kukata kutu na kuziba matundu kwenye bodi iliyooza, hesabu inaweza kukuelekeza huko.

Gereji yangu inaingia gari moja tu. Inatosha?

Inatosha kama utakuwa na nidhamu ya kupanga. Bodi ya Model A isiyo na paa watu wanne wanaibeba kwa mikono na kuiweka juu ya fremu ya mbao yenye magurudumu, ukaisukuma ukutani huku ukishughulikia chasi. Unahitaji mashine ya kuchomelea ya waya, grinda, drili ya kusimama, kompresa, jeki nzuri ya sakafuni, stendi nne za kuegemeza gari zenye ubora, na kreni ya injini ambayo unaweza kuikodisha kwa siku. Kukereza usinunue mashine, tafuta fundi mkereza mzuri na ujenge naye urafiki.

Kabla ya yote soma kanuni za mtaa wako. Mitaa mingine ya Marekani ina vyama vya wenye nyumba vinavyokataza gari lisilotembea kuonekana nje, na wengine wanakataza hata kutengeneza gari mlango wa gereji ukiwa wazi.

Hati za gari zina ugumu gani?

Zina ugumu wa kutosha kukupotezea gari zima, kwa hiyo zishughulikie kabla hujatoa fedha. Kwenye Model A namba ya gari iligongwa kwenye injini na pia juu ya reli ya kushoto ya chasi, mahali panapofunikwa na bodi. Injini nyingi zilibadilishwa zamani, kwa hiyo namba ya injini pekee si ushahidi wa kutosha. Linganisha namba iliyoandikwa kwenye kadi ya gari na ile iliyogongwa kwenye chuma. Muuzaji akisema kadi ilipotea lakini "utapata nyingine kirahisi", mwambie aitafute kwanza yeye.

Usiguse namba hiyo kwa grinda wala nyundo. Kuifuta au kuibadilisha ni kosa la jinai kwa sheria ya serikali kuu ya Marekani, hata kama gari ni lako. Kila jimbo lina utaratibu wake kwa gari lililojengwa upya kwa vipande. California, kwa mfano, ina utaratibu wa kuruhusu magari 500 tu kwa mwaka yaliyojengwa kienyeji kupata unafuu wa kipimo cha moshi kupitia sheria ya SB 100, na foleni huanza Januari. Gari la Ford ya zamani lenye hati zake halisi halihitaji mlango huo, na hii ni sababu nyingine ya kununua gari lenye karatasi.

Injini ipi: flathedi au V8 ya valvu za juu?

Flathedi ni ile V8 ya Ford ambayo valvu zake ziko ndani ya bloku, pembeni ya silinda, na hedi juu ni kama kifuniko tu. Ford waliitumia Marekani kuanzia 1932 hadi 1953. Kwa gari la miaka ya 1940 mimi sioni mbadala. Sauti yake haifanani na ya injini nyingine yoyote, na ukifungua boneti, au ukiiondoa kabisa, kinachoonekana ndicho hicho kilichokuwa kwenye maziwa makavu.

Bloku zinazotafutwa zaidi ni za mwaka 1946 hadi 1948 zenye alama ya 59A, na za Mercury za 1949 hadi 1953, ambazo kranki yake ina mwendo wa inchi 4, yaani pistoni inapanda na kushuka inchi 4, na injini inafika inchi za ujazo 255. Kranki hiyo ukiitia kwenye bloku ya Ford na kupanua silinda hadi inchi 3 na 5/16, unapata inchi za ujazo 276, kipimo kinachopendwa tangu enzi hizo.

Sasa sikiliza hili kabla hujalipa. Usipeleke bloku ya flathedi ikakerezwe kabla haijapimwa mipasuko. Fundi anainyunyizia unga wa chuma huku sumaku ikiwa imeshikizwa, na unga unajipanga juu ya kila ufa. Mipasuko midogo kati ya tundu la maji na tundu la stadi (bolti inayofunga hedi) ni ya kawaida na mara nyingi huvumilika. Ufa kati ya kiti cha valvu na silinda ni habari nyingine: unahitaji fundi maalumu wa kuushona, au utafute bloku nyingine. Kisha bloku ipimwe kwa shinikizo la maji. Gharama ya vipimo hivi viwili ni ndogo mno ukilinganisha na kukereza bloku iliyokufa.

Ukichagua hedi za aluminiamu zenye shinikizo kubwa, pima nafasi kati ya pistoni na hedi kwa udongo laini wa kuchezea watoto. Unabandika kipande juu ya pistoni na juu ya valvu, unapaka hedi mafuta kidogo udongo usigande, unafunga na gasketi iliyokwisha kubanwa, unazungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili taratibu. Ukifungua, kata udongo kwa wembe na upime unene pale ulipo mwembamba kabisa. Ukipata karibu inchi 0.050 juu ya pistoni uko salama. Ukihisi kitu kinakwama wakati wa kuzungusha, simama hapo hapo, usilazimishe.

Kama fedha ni finyu na mwaka uliouchagua unaruhusu, V8 za valvu za juu zipo: Oldsmobile na Cadillac za kuanzia 1949, Chrysler Hemi ya kuanzia 1951, na ile Chevrolet ya 1955. Kwa kila nguvu farasi, Chevrolet ndiyo rahisi kuliko zote.

Nimesikia flathedi inachemsha. Ni kweli?

Ni swali ninalolipata kuliko yote, na jibu lake linataka subira. Flathedi ina tabia ya kupata joto kwa sababu ya jinsi ilivyoundwa: moshi haumwagwi nje moja kwa moja, bali unapita ndani ya bloku, katikati ya maji, hadi kufikia manifodi ya eksozi. Kila upande una silinda nne lakini matundu ya kutolea moshi ni matatu tu, maana silinda mbili za katikati zinachangia tundu moja. Joto lote hilo linaishia kwenye maji.

Hata hivyo injini hizi ziliendesha malori na mabasi miaka mingi bila kuchemsha, kwa hiyo ikichemsha kuna kilichokosewa. Mara nyingi ni uchafu. Bloku zilitoka kiwandani zikiwa bado na mchanga wa kalibu ya kusubu chuma ndani ya njia za maji, kisha miaka 70 ya kutu ikajazana juu yake. Kuosha kwa maji ya bomba hakusaidii. Toa vizibo vyote, ingiza waya mgumu na ukwangue kila kona, pigia hewa ya kompresa, halafu ipeleke ikaoshwe kwenye tangi la dawa. Utashangaa ndoo ya taka itakayotoka.

Baada ya hapo tazama rejeta. Rejeta ya zamani inaonekana nzima kwa nje huku nusu ya mirija yake imeziba. Usijaribu kutibu joto kwa kuweka kifuniko cha shinikizo kubwa la gari la kisasa, kwa maana rejeta za awali za Ford hazikupangiwa shinikizo na utapasua viungo vya risasi. Angalia pia moto wa plagi usichelewe. Moto ukichelewa, mafuta yanaendelea kuungua wakati valvu ya kutolea imefunguka, na joto linaingia moja kwa moja kwenye zile njia za ndani ya bloku. Watu wananunua feni za umeme na rejeta mpya kumbe tatizo ni digrii chache za taiming. Kabureta inayotoa petroli kidogo mno inaleta joto vilevile.

Kumbuka injini ina pampu mbili za maji, mipira miwili ya juu na themostati mbili. Ukibadilisha moja badilisha zote mbili.

Kabureta ngapi?

Mbili. Stromberg 97 mbili juu ya manifodi ya aina ya Edelbrock au nyingine ya zama hizo zinatosha barabarani na zinapendeza. Tatu ni nzuri kama una kamshafti (shafti inayofungua valvu) ya kuzitumia na uvumilivu wa kuzilinganisha. Kabureta hizi zilikuwa kwenye Ford za 1936 hadi 1938, na siku hizi zinatengenezwa upya nchini Uingereza. Ugonjwa wake mkubwa unajulikana: hazipendi pampu yenye nguvu. Shinikizo la mafuta likipita psi 3 (pauni kwa inchi ya mraba), sindano inashindwa kuzuia, petroli inafurika juu ya manifodi ya moto. Funga kidhibiti cha shinikizo na mita, ukakiweke psi 2.5.

Giaboksi na difu je?

Giaboksi ya gia tatu ya Ford ya 1939, yenye gia ya sakafuni, ndiyo chaguo la jadi. Gia za gari la Lincoln Zephyr zinaingia ndani yake na kumpa dereva mwendo mrefu kwenye gia ya pili. Usiibane kwa kuondoka kwa fujo, haikujengwa kwa ajili ya tairi za kisasa zinazong'ang'ania lami. Wengine huficha giaboksi ya kisasa ya T5, yenye gia tano, chini ya sakafu ili waende safari ndefu. Siwalaumu, ila hapo lazima ubadilishe pia shafti na difu, kwa kuwa Ford za zamani shafti yake imefungiwa ndani ya bomba linaloshikilia difu isirudi nyuma.

Mnasisitiza breki sana. Gari dogo hivi lina haja gani?

Lina haja kuliko gari kubwa. Unachukua gari lililotengenezwa kwa mwendo wa enzi zake, unaliongezea nguvu mara mbili au tatu, kisha unaliingiza barabara kuu katikati ya malori. Ford walitumia breki za fimbo na waya hadi 1938, na breki za mafuta zikaja 1939. Vijana wa enzi hizo walikimbilia kubadilisha mara moja, kwa hiyo kuweka breki za mafuta za 1939 hadi 1948 ni jadi kamili. Zinaingia kwenye spindo (vyuma vinavyobeba magurudumu ya mbele) za zamani kwa marekebisho madogo. Bora zaidi ni breki za Lincoln za miaka ya 1940, zenye drami za inchi 12, ambazo kiatu kimoja kikikanyaga kinasukuma cha pili na hivyo kuongeza nguvu chenyewe.

Pale ambapo mimi naiweka kando jadi bila kusita ni masta silinda. Masta silinda ya chumba kimoja ikivuja mahali popote, huna breki hata gurudumu moja. Weka ya vyumba viwili, ile ambayo magari ya Marekani yalianza kuwa nayo kwa wingi mwaka 1967. Inakaa chini ya sakafu, hakuna anayeiona. Kwa kuwa iko chini ya usawa wa magurudumu au karibu nao, funga pia valvu za kubakisha shinikizo, psi 10 kwa drami, mafuta yasirudi nyuma.

Mabomba ya breki yawe ya chuma au ya nikeli na shaba iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Bomba tupu la shaba la kwenye friji halifai. Ncha ya bomba inatanuliwa mara mbili, yaani inakunjwa ndani kisha inatanuliwa, ili ukuta wake uwe na tabaka mbili. Kata bomba kwa kikatio cha kuzungusha, lainisha ndani na nje kwa faili, kisha usisahau kuvisha nati kabla ya kutanua. Ncha iliyotoka vizuri ni ya duara kamili, laini, bila ufa wala kuinama upande. Ikiwa ina ufa mwembamba kama unywele, kata uanze upya. Bomba lenyewe ni la bei ndogo.

Vumbi la ndani ya drami za zamani lichukulie kuwa lina asbesto. Usilipigie hewa. Lilowanishe, ulifute, ufunge taka kwenye mfuko.

Ekseli ya mbele inashushwaje?

Njia ya jadi ni kutumia ekseli iliyovutwa: fundi alikuwa anapasha moto ncha za ekseli ya Ford na kuzivuta ziinuke, ili katikati ishuke, mara nyingi inchi 3 hadi 4. Siku hizi zinauzwa mpya. Usijaribu kuivuta wala kuichomelea ekseli mwenyewe kwenye gereji. Hii na mikono ya stelingi ni vyuma ambavyo vikivunjika huna nafasi ya pili.

Kuna jambo ambalo wengi hulikosa. Ukigawanya ile mikono inayoshika ekseli na kuifunga kila mmoja kwenye reli yake, ekseli lazima ijipinde kidogo kila gurudumu moja linapopanda tuta. Ekseli ya Ford yenye umbo la herufi I inaweza kujipinda. Ekseli ya bomba haiwezi, na badala yake itararua mabano. Kwa hiyo mikono iliyogawanywa iende na ekseli ya I tu.

Kingipini (pini ambazo gurudumu la mbele hujizungushia linapokata kona) ziwe zimelala nyuma digrii 5 hadi 7, na tairi za mbele zikaribiane kwa mbele milimita 1.5 hadi 3. Gari likitikisika usukani kwa mwendo wa kati, kagua hivyo viwili na ulegevu wa tairodi kabla ya kununua shokomzoba ya stelingi.

Usipeleke spindo wala mikono ya stelingi kupigwa kromu kienyeji. Wakati wa kazi hiyo chuma kigumu hunyonya haidrojeni na kuwa chepesi kuvunjika, na wasioijua kazi hawakioki baadaye ili kuitoa.

Nikate paa?

Si lazima. Gari la wazi halina cha kukata zaidi ya kioo. Kwa gari lenye paa, inchi 2 au 3 zilizokatwa kwa ustadi zinapendeza kuliko 5 zilizokatwa kwa pupa. Keti ndani, weka mkanda wa karatasi kwenye vioo kuonyesha mstari mpya, endesha macho yako barabarani uone kama utaona taa za trafiki. Halafu amua.

Tairi na rimu?

Ndogo mbele, kubwa nyuma. Rimu za chuma za Ford za inchi 16, mbele 5.50 na nyuma 7.00 au 7.50, zinakaa vizuri kwa gari la miaka ya 1940. Tairi za zamani ambazo nyuzi zake hupita mshazari zinafuata mifereji ya barabara, kwa hiyo mikono miwili usukani. Kampuni ya Coker ya Chattanooga, Tennessee, inazitengeneza.

Volti 6 au 12?

Ford walikuwa na volti 6, chanya ikiwa imefungwa kwenye bodi, hadi mwisho wa modeli za 1955. Volti 6 inafanya kazi vizuri ukitumia nyaya nene na kusafisha kila mahali pa kuunganisha na bodi. Nyaya za betri za gari la kisasa ni nyembamba mno kwake, na ndiyo sababu watu wanailaumu bure.

Usalama wa afya ndani ya gereji?

Usiwashe injini mlango ukiwa umefungwa, hata kwa dakika moja. Rangi ya zamani ina risasi, vaa barakoa ya kichujio unapokwangua. Na hili wengi hawalijui: kuna dawa za kusafishia breki zenye klorini. Ukisafisha chuma kwa dawa hiyo kisha ukakichomelea kikiwa bado na unyevu, inatoka gesi ya fosijini, ileile iliyotumika kama silaha katika Vita Kuu ya Kwanza. Soma kopo, tafuta isiyo na klorini, na hata hiyo iache ikauke kabisa.

Spea nazitafuta wapi?

Minada ya spea ndiyo mahali pazuri. Mkubwa kuliko yote ni ule wa Hershey, Pennsylvania, kila Oktoba. California kuna Pomona. Nenda mapema na orodha, rula, sumaku ya kutambua bati lililojazwa puti, na fedha taslimu. Zungumza na wazee, uwaamkie vizuri na uwasikilize. Wengi wana vitu nyumbani ambavyo hawajavileta mezani, na wanapenda viende kwa mtu atakayevitumia.

Naweza kujenga gari hili Kenya au Tanzania?

Ufundi upo, tena mwingi. Kikwazo ni gari lenyewe. Kenya hairuhusu kwa kawaida kuingiza gari lililozidi miaka 8 wala lenye usukani wa kushoto, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa uchakavu. Njia ya busara ni kutafuta gari lililokuwepo nchini tangu zamani. Maonyesho ya Concours d'Elegance ya Nairobi ni mahali pa kukutana na watu wanaojua magari hayo yalipo.

Gari limewaka. Safari ya kwanza niifanyeje?

Kabla ya kutoka, mtu akanyage breki kwa nguvu dakika moja huku wewe uko chini na tochi, ukikagua kila kiungo cha bomba. Weka kizima moto ndani. Zunguka mtaa mmoja tu, polepole, kisha rudi.

Ukirudi, zima, gusa kila kitovu cha gurudumu kwa nyuma ya mkono. Kimoja kikiwa cha moto kuliko vingine, viatu vyake vimebana au beringi imekazwa kupita kiasi. Kagua petroli juu ya manifodi. Baada ya hapo kaza tena nati za vitovu vya nyuma. Difu za Ford za zamani kitovu kinakaa juu ya shafti iliyochongoka, na kila kinapotulia mahali pake nati inalegea. Ikilegea, ufunguo mdogo wa chuma ulio katikati hukatika na shafti inaharibika. Tundu la pini lisipolingana na nati, kaza mbele hadi lilingane, usirudishe nyuma. Rudia ukaguzi huo baada ya maili 10, na tena baada ya maili 50.